Kuanzia Kwenye Kitanda cha Mazoezi: Mwongozo wa Kupanua na Kukarabati Majengo ya Shule ya Uuguzi ya Chuo Kikuu

Upanuzi wa majengo ya shule ya uuguzi iliyo ndani ya chuo kikuu hautazamwi kwa jicho lilelile linalotazama upanuzi wa kitivo cha sheria au cha biashara, kwa sababu mwanafunzi wa uuguzi hujifunza kwa mikono kama anavyojifunza kwa masikio, na idadi ya wanafunzi wanaoweza kufundishwa vizuri kwa wakati mmoja huamuliwa na vitanda vya mazoezi, sinki za kunawia mikono na wakufunzi waliosimama kando ya vitanda hivyo, wala si na viti vya ukumbi wa mihadhara. Hata hivyo mpango wa ujenzi huvutwa kwa urahisi kuelekea ukumbi, maana ukumbi huonekana kutoka barabarani, viti vyake huhesabika, na uzinduzi wake hupendeza. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mkuu wa shule, afisa mipango na mhandisi wa chuo wanaokabiliwa na kazi hiyo nchini Tanzania, na unashikilia kwamba kitanda cha mazoezi ndicho kipimo ambacho vipimo vingine vyote vya mradi vinapaswa kukokotolewa kutokana nacho.

Mazingira ya kazi hii hayafanani kutoka chuo kimoja hadi kingine. Pale Muhimbili, Upanga, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret ilifuatwa na Shule ya Tiba ya Dar es Salaam mwaka 1963, kisha chuo kikuu kishiriki mwaka 1991 na hatimaye chuo kikuu kamili cha afya na sayansi shirikishi mwaka 2007, na matokeo yake ni kwamba majengo ya vizazi tofauti yamebanana na wodi katika eneo moja la mji, hali iliyofanya chuo kitafute nafasi ya kukua pembezoni mwa jiji, huko Mloganzila. Bugando, Mwanza, iko juu ya kilima cha mawe ya matale, ambapo kuchimba msingi ni kazi ya kupasua mwamba. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ardhi ya kutosha lakini kina shida zake za maji na umbali. Anayenakili mchoro wa shule iliyojengwa Pwani na kuupeleka Kanda ya Ziwa hununua pia matatizo ambayo mchoro huo haukuyafikiria.

Kuhesabu kabla ya kuchora

Hatua ya kwanza haimhitaji msanifu majengo. Inahitaji ratiba ya masomo, orodha ya stadi zinazotakiwa na mtaala, na mtu mmoja mwenye subira ya kuhesabu. Chukuliwe mfano wa shule inayokusudia kudahili wanafunzi 120 kwa mwaka katika shahada ya miaka minne, na ambayo wanafunzi wa miaka mitatu kati ya hiyo hutumia maabara ya stadi, yaani chumba kilichopangwa kama wodi ambamo mwanafunzi hufanya mazoezi juu ya manikini kabla ya kumgusa mgonjwa. Wanafunzi hao ni 360. Wakigawanywa kwa makundi ya sita kwa kila kitanda, yanapatikana makundi 60. Na kila kundi likihitaji vipindi viwili vya saa mbili kwa wiki, mahitaji yote ni vipindi 120 vya kitanda. Kitanda kimoja, kwa siku tano zenye vipindi vinne kila siku, hutoa vipindi 20 kwa wiki, kwa hiyo hesabu ya karatasini inasema vitanda sita vinatosha.

Hesabu hiyo hudanganya. Hakuna chumba kinachotumika kwa asilimia 100, kwa kuwa kuna muda wa kuandaa vifaa, kufanya usafi, mitihani, wakufunzi waliokwenda hospitalini na wanafunzi walio kwenye mzunguko wa wodi. Kiwango cha matumizi cha asilimia 60 ndicho kinachoweza kutegemewa, na kwa kiwango hicho vitanda vinavyohitajika vinakuwa kumi. Ikiongezwa nafasi ya mwanafunzi kurudi jioni kujizoeza mwenyewe, ambayo ndiyo inayomjenga kuliko kipindi rasmi, idadi ya busara inakaribia 12 au 14. Tofauti kati ya sita na kumi na nne ndiyo tofauti kati ya shule inayofundisha na shule inayoonyesha, kwani makundi yanapokuwa ya watu 20 kuzunguka manikini mmoja, wanaoona ni wale wa mbele tu, na wa nyuma husubiri zamu isiyofika.

Hesabu hiyo hiyo inapaswa kupelekwa hospitalini. Maabara ikiongezwa maradufu na wodi za kujifunzia zikabaki zilezile, msongamano umehamishwa tu kutoka chuoni hadi kando ya kitanda cha mgonjwa, ambako madhara yake ni makubwa zaidi. Kabla ya kutangaza idadi mpya ya udahili, uongozi unapaswa kuwa na makubaliano ya maandishi na hospitali ya rufaa, hospitali za wilaya na vituo vya afya vitakavyopokea wanafunzi, yakitaja idadi yao kwa kila zamu pamoja na vyumba vya kubadilishia nguo na makabati ya kuhifadhia vitu vyao, jambo dogo ambalo husahauliwa mpaka siku mabegi ya wanafunzi 40 yanapopangwa juu ya dawati la wauguzi.

Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyo chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, zote zina neno katika uwezo wa shule kupokea wanafunzi. Kuzishirikisha mapema, michoro ikiwa bado ya penseli, ni nafuu kuliko kuwaita wakaguzi baada ya rangi kukauka.

Kulichunguza jengo lililopo

Ukarabati mwingi huharibika kwa sababu ulianza na orodha ya matamanio badala ya uchunguzi wa jengo. Uchunguzi unaofaa huanza na kutafuta michoro ya awali, ambayo mara nyingi haipo, na pale isipopatikana hulazimu kupima jengo lote upya, kufukua sehemu chache za msingi ili kuona kina na hali yake, na kupima uimara wa zege. Kipimo cha haraka cha zege ni nyundo ya Schmidt, chombo kinachogonga uso wa zege na kusoma jinsi kinavyorudishwa nyuma. Kipimo hicho husaidia kulinganisha sehemu moja na nyingine, lakini hakitoshi peke yake, na pale penye shaka vipande vya mviringo hukatwa kutoka kwenye zege lenyewe na kuvunjwa maabara. Katika majengo ya Pwani lazima pia ipimwe chumvi iliyopenya, kwa kuwa chumvi ya hewa ya bahari ikiifikia nondo huifanya ishike kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na zege hupasuka na kubanduka kutoka ndani. Kupiga lipu mpya juu ya mpasuko wa namna hiyo ni kuufunika ugonjwa kwa shuka safi.

Jambo linalostahili uangalifu wa pekee ni kubadili matumizi ya jengo. Shule nyingi zenye mabweni ya zamani huvutiwa na wazo la kubomoa kuta za vyumba vya kulala na kupata darasa au maabara kubwa. Kwa viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wa Afrika Mashariki wamevitumia kwa miaka mingi, sakafu ya chumba cha kulala husanifiwa kubeba kilonewtoni 1.5 kwa kila mita ya mraba, yaani takriban kilo 150, ilhali sakafu ya darasa husanifiwa kwa kilonewtoni 3, mara mbili ya hapo, na ghala la vitabu au vifaa vizito huhitaji zaidi. Isitoshe, baadhi ya kuta zinazoonekana kuwa za kugawa vyumba tu huwa zimebeba sakafu ya juu. Uamuzi wa kuondoa ukuta wowote ni wa mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, kwa maandishi na kwa mahesabu, si wa fundi mwashi aliyeugonga kwa nyundo na kusikia mlio. Kuporomoka kwa ghorofa Kariakoo mnamo Novemba 2024, kulikoua watu zaidi ya 20, kunatosha kueleza kwa nini sentensi hiyo haina nafasi ya kulegezwa. Kwa shule zilizo Kanda ya Ziwa, tetemeko la Septemba 2016 lililopiga Bukoba na kubomoa majengo ya shule za sekondari linaongeza sharti lingine: kuongeza ghorofa juu ya jengo la matofali lisilo na mikanda ya zege ni jambo la kukataliwa.

Mapaa ya zamani yanaweza kuwa ya bati za asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake likivutwa huleta saratani na kovu la mapafu miaka mingi baadaye. Bati hizo hazivunjwi, hazikatwi kwa msumeno wala kusuguliwa kwa maji ya kasi. Hulowanishwa, hufunguliwa zikiwa nzima na watu waliovaa barakoa zinazofaa, hufungwa kwa nailoni nzito na kupelekwa mahali palipoidhinishwa na mamlaka ya mazingira. Inasikitisha kwamba bati hizo, baada ya kung'olewa, huombwa na watu wa jirani kwa ajili ya kuezekea mabanda; mkataba unapaswa kukataza hilo waziwazi.

Maabara ya stadi na vyumba vinavyoizunguka

Nafasi ya kitanda kimoja cha mazoezi haipatikani kwa kupima kitanda. Inapatikana kwa kupima kundi linalokizunguka, yaani wanafunzi sita, mkufunzi, toroli ya vifaa na kabati la kando, na kwa msingi huo upana wa mita 3 na kina cha mita 3.5 ni kipimo kinachofaa, sawa na mita za mraba 10.5. Darasa la zamani lenye mita 8 kwa 6 litapokea vitanda vinne na kubakiwa na mita za mraba sita tu za sinki na kupita, kwa hiyo ahadi ya kuweka vitanda vinane humo ni ya kwenye karatasi tu. Kila vitanda viwili hadi vitatu vipate sinki yenye bomba la kufunguliwa kwa kiwiko, kwa sababu kunawa mikono ni stadi ya kwanza ya muuguzi, na tabia hiyo haijengwi na sinki moja iliyo mwisho wa korido.

Pembeni ya maabara kuna vyumba ambavyo bajeti hukimbilia kuvikata, ilhali bila hivyo maabara hugeuka stoo ndani ya mwaka mmoja. Kwanza ni stoo yenyewe, ambayo inafaa ipewe eneo linalokaribia robo ya maabara, yenye rafu, kufuli na hewa kavu, kwa kuwa ngozi ya manikini huota kuvu na kunata katika joto lenye unyevu. Pili ni chumba cha tathmini, ambamo wanafunzi huketi na mkufunzi mara baada ya zoezi ili kujadili walichofanya na walichoacha. Mafunzo ya kuiga hali halisi hupata thamani yake kubwa katika mazungumzo hayo, na mazungumzo hayo hayafanyiki vizuri kundi lingine likiwa linasubiri mlangoni. Tatu ni chumba kidogo cha kuongozea manikini wa kielektroniki, chenye kioo cha kuonea upande mmoja. Shule yenye fedha chache inashauriwa ijenge vyumba viwili vya kwanza na kuacha nafasi tu ya cha tatu, kwani manikini wa bei kubwa asiye na fundi wala vipuri ni samani.

Mtihani wa vitendo kwa vituo, ambao mwanafunzi huzunguka kutoka kituo kimoja hadi kingine kengele inapolia na kufanya kazi moja mbele ya mtahini, una masharti yake ya jengo. Waliomaliza hawapaswi kukutana na wanaosubiri, la sivyo maswali husambaa kabla ya chai ya saa nne. Hivyo mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, vyoo vya kila upande na chumba cha kusubiria vinapaswa kupangwa ili mwendo uwe wa upande mmoja. Mapazia hugawanya vituo machoni lakini hayazuii sauti. Kuta nyepesi zinazokunjwa hufanya kazi vizuri zaidi, mradi reli zake zifungwe kwenye boriti na si kwenye dari.

Kuhusu gesi za tiba, ukuta wa mazoezi wenye matundu ya oksijeni na ya kufyonza majimaji hupaswa kuonekana kama wa wodini, lakini ndani yake ipite hewa ya kawaida iliyoshindiliwa na kompresa, kwa kuwa oksijeni halisi katika chumba cha mazoezi huongeza hatari ya moto bila kuongeza elimu yoyote, na kila tundu liwekewe maandishi yanayoeleza hivyo. Dawa za kuigiza nazo ziandikwe kuwa ni za mafunzo na zisitoke nje ya mlango. Sindano zilizotumika kwenye manikini ni vyenye ncha kali kama sindano nyingine zote, kwa hiyo boksi lake la usalama na njia ya kulipeleka kwenye tanuri la hospitali vinapaswa kuonekana kwenye mchoro, visiachwe vitafutiwe ufumbuzi baadaye.

Milango inayopitisha kitanda iwe na upana wa wazi usiopungua mita 1.2, na mlango wa choo cha mtu mwenye ulemavu usipungue mita 0.9, wenye nafasi ndani yenye kipenyo cha mita 1.5 ya kuzungusha kiti cha magurudumu. Mteremko wa kupandia usizidi mita moja ya kimo kwa mita 12 za urefu. Baraza lililoinuka sentimita 90 kutoka ardhini linahitaji mteremko wa karibu mita 11, na msanifu anayechora mita nne amechora kitu ambacho hakuna atakayekipanda bila kusukumwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalitaka jambo hili, na katika shule ya uuguzi mteremko huo ni darasa pia, maana juu yake mwanafunzi hujifunza kumsukuma mgonjwa.

Mabweni yanastahili sura yake, lakini inatosha kusema kwamba mwanafunzi wa uuguzi hutoka zamu usiku. Njia kati ya wodi na bweni iwe na taa, isipite nyuma ya mochwari wala kwenye vichaka, na bweni liwe na vyumba vya wanaolala mchana vilivyo mbali na uwanja wa michezo.

Hewa, jua na maji

Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na kuta zote mbili ndefu huhitaji kivuli cha paa lililotokeza. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa vibaya, maana jua la asubuhi na la jioni huingia chini ya kivuli chochote. Jengo jipya lielekezwe ili kuta hizo ziwe fupi na zisiwe na madirisha makubwa. Upepo wa kaskazi na wa kusi hupoza jengo bila malipo iwapo chumba kina madirisha pande mbili na kina chake hakizidi mara tano ya kimo cha dari. Korido ya katikati yenye vyumba pande zote mbili, inayopendwa kwa kubana nafasi, huua upepo huo na kuifunga shule kwenye viyoyozi na bili ya umeme isiyokwisha. Viyoyozi viwekwe stoo ya manikini, chumba cha kompyuta na ukumbi mkubwa. Kwingine feni za dari na madirisha ya juu ya kutolea hewa moto hutosha, na hewa inayopita ni kinga pia dhidi ya kifua kikuu kwa wanafunzi wanaotoka wodini.

Maji yapewe kipaumbele kuliko umeme. Tangi la akiba lihesabiwe kwa siku mbili au tatu za matumizi kamili ya sinki na vyoo, na maji ya mvua ya paa yavunwe kwa ajili ya kusafishia na bustani. Mkondo wa majitaka wa zamani upimwe kabla ya kuongeza vyoo, kwani chemba iliyojengwa kwa ajili ya watu 100 haitavumilia 400, na kufurika kwake hutokea masika, wakati shule imejaa. Vyoo vya wanawake viwe na maji ndani, ndoo yenye mfuniko kwa taulo za hedhi, na mahali pa kuzichomea. Chumba kimoja cha kunyonyeshea pia hakigharimu mengi, nacho humwezesha mwanafunzi au mkufunzi aliyejifungua asiache masomo au kazi.

Kujenga shule ikiendelea

Ukarabati wa shule isiyofungwa ni kazi ya kupanga zamu zaidi ya kazi ya kupanga matofali. Kanuni inayofaa ni kujenga kwanza sehemu mpya, kuhamia humo, kisha kukarabati sehemu iliyoachwa, na kuendelea hivyo kwa awamu. Pale ambapo hakuna nafasi ya jengo jipya, darasa la muda la mabanda mazuri au ukumbi wa kukodi hulipa gharama yake kwa kuokoa muhula. Kuezua paa kupangwe kati ya Juni na Septemba, baada ya masika ya Machi hadi Mei na kabla ya vuli, kipindi ambacho kwa sehemu kubwa hukutana na likizo ndefu ya vyuo vikuu. Hapo hutokea mgongano wa kalenda ambao wenye uzoefu huufahamu: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mradi unaosubiri fedha mpya ndipo utangaze zabuni utamkuta mkandarasi akiezua paa mwezi Novemba, mawingu ya vuli yakiwa juu. Zabuni iandaliwe mwaka mmoja kabla, ili Julai iwe ya kuanza kazi na isiwe ya kuanza makaratasi.

Pale shule inapopakana na wodi, vumbi si kero tu. Kubomoa na kuchimba hurusha mbegu za kuvu, hasa za jamii ya aspajilasi, ambazo mtu mwenye afya huzivuta bila madhara lakini ambazo huweza kumuua mgonjwa aliyepungukiwa kinga, kama yule wa saratani ya damu au aliyepandikizwa figo. Kwa hiyo kamati ya kudhibiti maambukizi ya hospitali iwe na kiti katika vikao vya ujenzi na uwezo wa kusimamisha kazi; ukuta wa nailoni nzito au mbao ujengwe hadi juu ya dari, kifusi kilowanishwe kabla ya kusogezwa, madirisha ya wodi ya upande huo yafungwe wakati wa kubomoa, na njia ya malori isikutane na njia ya wagonjwa. Mitetemo na makelele yapangiwe saa ambazo si za mitihani wala za mapumziko ya wagonjwa, na kila ukataji wa maji au umeme utangazwe kwa maandishi walau siku tatu kabla, kwa sababu laini moja ya zamani, isiyo kwenye mchoro wowote, inaweza kuwa inalisha maabara ya shule na chumba cha kujifungulia kwa pamoja.

Vibali, ununuzi na fedha

Chuo cha umma hununua kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, wahandisi na makandarasi husajiliwa na bodi zao tatu tofauti, na makandarasi wa majengo hupangwa kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba kulingana na thamani ya kazi wanayoruhusiwa. Halmashauri hutoa kibali cha ujenzi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupitia michoro. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira huamua kama mradi unahitaji tathmini kamili ya athari. Na eneo la ujenzi husajiliwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Miradi inayogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kama ule wa elimu ya juu wa dola milioni 425 ambao Muhimbili ni miongoni mwa wanufaika wake, huongeza masharti ya mazingira na jamii, yakiwemo ya kupokea malalamiko ya majirani.

Utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa taasisi yenyewe, unaojulikana kama fosi akaunti, umejenga madarasa mengi ya shule za msingi na sekondari kwa bei nafuu. Kwa kupaka rangi, kukarabati vyoo au kubadili madirisha ya shule ya uuguzi unafaa. Kwa jengo la ghorofa lenye mifumo ya hewa, maji na umeme haufai, kwa sababu hakuna mtu mmoja atakayewajibika mifumo hiyo itakapogombana.

Fedha za dharura katika jengo jipya huweza kuwa asilimia 10 ya gharama, lakini katika ukarabati ni busara kuweka 15 hadi 20, maana ukuta wa zamani hausemi kilicho ndani yake mpaka uvunjwe. Samani na vifaa vya maabara vitengewe fungu lake tangu mwanzo, lisiloweza kuhamishiwa kwenye zege, kwani majengo mazuri yasiyo na vitanda yameshaonekana ya kutosha. Gharama za uendeshaji za miaka mitano, kuanzia glovu za mazoezi hadi betri za manikini, ziambatanishwe kwenye andiko la mradi hata kama mfadhili hakuziomba.

Wakati wa makabidhiano, mkandarasi akabidhi michoro ya jengo kama lilivyojengwa kweli, pamoja na ya kila bomba na waya uliobadilishwa, miongozo ya mitambo, funguo zenye majina, na mafunzo kwa mafundi wa chuo watakaobaki na jengo hilo. Wakufunzi waingie kwanza kwa wiki mbili bila wanafunzi, wafanye vipindi vya majaribio, wafungue mabomba yote kwa wakati mmoja na kuorodhesha kasoro. Kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama zake, kwa kawaida huwa wa miezi 12, na sehemu ya fedha zilizozuiwa hubaki mikononi mwa chuo mpaka kiishe. Tarehe yake ipangwe ili kipindi hicho kikumbatie masika moja nzima, na ukaguzi wa mwisho ufanyike mvua za Aprili zikiwa zimekwisha kupita juu ya paa, kwenye mifereji na ndani ya chemba, kabla ya hundi ya mwisho kutiwa saini.